Mkono wa fundi cherehani na kipimo kilichotaka kutupoteza

Karatasi ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja tu: "Neva ya ulnari, mkono wa kulia, kabla ya upasuaji." Nyuma yake ilibanwa ripoti ya kipimo cha neva kilichofanyika kwingine wiki sita kabla, nayo ilihitimisha kwamba neva imebanwa kwenye kiwiko. Daktari wa upasuaji aliomba kipimo kirudiwe kwa sababu ambayo hata kuitaja ni aibu: siku ripoti ile inachapwa wino wa printa ulikuwa unaishia, na namba mbili za muhimu hazikusomeka. Wino ungekuwepo, mgonjwa angeshapasuliwa.

Mgonjwa mwenyewe ni mwanamume wa miaka 47, fundi cherehani, kibanda chake kiko Mbagala na kwao ni Lindi. Nimebadilisha vitu vidogo ili asitambulike, naye ameridhia kisa kiandikwe. Aliingia na shati la mikono mirefu alilolishona mwenyewe, vifungo vyote vimefungwa isipokuwa kile cha mkono wa kushoto. Kukifunga hicho kunataka mkono wa kulia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dokta. Mshipa huu umekaza, nimeshapaka kila kitu."

Kwanza ilibidi tuelewane ni mshipa upi. Kiswahili kimeupa mshipa kazi nyingi mno: unapitisha damu, unapitisha hisia, unavuta kidole, na mwanamume akikuambia ana mshipa huenda anazungumzia ngiri. Nimeshaletewa mtu mwenye mishipa ya damu iliyovimba miguuni apimwe neva, kwa sababu tu karatasi iliandikwa "mishipa". Ndiyo maana chumbani kwetu ule unaopitisha hisia na kuamrisha misuli tunauita neva, na mgonjwa anatuelewa baada ya dakika mbili.

Kwa miezi minne kidole chake cha mwisho na nusu ya kidole cha pete upande wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Mkasi ulikuwa unamponyoka. Kitambaa chepesi kilimteleza katikati ya vidole wakati wa kukunja pindo. Jambo lililomkera kuliko yote ni dogo: kidole cha mwisho kilikuwa kinakaa pembeni hakitaki kurudi kwa wenzake, hivyo kila alipotia mkono mfukoni chenyewe kilibaki nje. Kati ya gumba na kidole cha shahada, pale penye nyama, palikuwa pamebonyea.

Hii ni picha ya neva ya ulnari iliyoumia, na mwanafunzi wa mwaka wa nne angeisema bila kuvuta pumzi. Ndiyo ile neva inayokupiga shoti ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza. Inapita nyuma ya kiwiko karibu na ngozi bila ulinzi wowote, na fundi cherehani anaegemeza kiwiko juu ya meza ya cherehani tangu asubuhi hadi jua linazama. Kazi yake, dalili zake na ripoti ya kwanza vyote viliimba wimbo mmoja. Hapo ndipo pa kuogopa, na mimi siku ile sikuogopa.

Nieleze tunachofanya, maana watu wengi huja wakidhani wanapigwa picha. Tunabandika elektrodi, kibandiko cha kunasa umeme, juu ya msuli mdogo, kwa mfano ule unaosukuma kidole cha mwisho nje. Kisha tunaigusa neva kwa umeme mdogo kwenye kifundo cha mkono. Msuli unaruka, mashine inachora kilima, nasi tunasoma mambo mawili: msuli umechelewa milisekunde ngapi kuitika, na kilima kina kimo gani. Tunasogea juu, chini kidogo ya kiwiko, tunagusa tena. Halafu juu ya kiwiko. Umbali kati ya nukta na nukta tunaupima kwa futi ile ile ya fundi nguo, tunaugawanya kwa tofauti ya muda, na kasi ya neva inapatikana. Mkononi inatakiwa iwe mita 50 kwa sekunde au zaidi. Hesabu ni ya zamani. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz aliipima neva ya chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, na wenzake walishangaa kwamba kitu walichokidhania kuwa cha papo kwa papo kina mwendo unaopimika, tena si mkubwa sana.

Kasi ikipungua, kwa kawaida ala inayoifunika neva, yaani mayelini, ndiyo iliyoharibika. Kimo kikipungua, nyuzi zenyewe zimekufa, au umeme unakwama njiani.

Kabla ya kuanza niliupima mkono joto. Nyuzi 28. Chumba chetu kina kiyoyozi kwa ajili ya mashine, na mtu aliyekaa humo nusu saa mikono inapoa. Mkono baridi ni mwongo mkubwa katika kazi hii. Kila nyuzi moja inayoshuka inapunguza kasi ya neva kwa kama mita mbili kwa sekunde, na mtu mzima asiye na tatizo anaweza kuondoka na cheti cha ugonjwa. Ripoti ya kwanza haikutaja joto popote. Nikamletea ndoo ya maji ya uvuguvugu, akatumbukiza mkono wa kulia mpaka ukafika nyuzi 33.

Nilipoukunja mkono wake ili nipime kiwiko, akacheka kidogo.

"Afadhali wewe umekunja. Kule walinipima mkono umenyooka. Shati ukilipima hivyo, mkono wake unatoka mfupi."

Sikuwahi kulisikia somo hili likifundishwa vizuri hivyo. Mkono ukinyooka, neva ya ulnari inalegea na kujikunjakunja nyuma ya kiwiko. Futi inayopita juu ya ngozi inasoma urefu mfupi kuliko urefu halisi wa neva, na ukigawanya namba ndogo kwa muda ule ule unapata kasi ya uongo. Lazima mkono ukunjwe kati ya nyuzi 70 na 90. Kumbe ripoti ya kwanza ilikuwa na kasoro mbili, ya joto na ya futi.

Lakini nilipopima vizuri jibu likatoka lile lile. Kutoka kifundo hadi chini ya kiwiko, milimita 230 kwa milisekunde 4.4: mita 52 kwa sekunde, haina neno. Kupita kiwiko, milimita 100 kwa milisekunde 3.1: mita 32. Kimo cha kilima kilianza milivolti 4.9 kwenye kifundo kikashuka hadi 2.7 juu ya kiwiko. Hisia za kidole cha mwisho hazikusomeka kabisa. Neva ya mediani, jirani yake, ilikuwa salama. Nikavuta kiti, nikaanza kuandika kwamba neva ya ulnari ya kulia imeumia kwenye kiwiko.

Fundi akawa anajifunga shati. Kifungo cha mkono wa kulia alikifunga kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na alipouinua nikaona ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, kovu jekundu bado bichi. Lilikuwa na kona tatu, kali kama zimechorwa kwa rula.

"Hiyo nini, fundi?"

"Pasi."

"Pasi ya mkaa? Lini?"

Akaligeuza kiganja akalitazama kama mtu anayeangalia doa kwenye nguo ya mteja. "Lini sijui. Mama watoto ndiye aliyeliona, ananiambia unanuka nyama."

Nikaweka kalamu chini.

Mtu anayeunguzwa na pasi ya mkaa huruka, hupiga kelele, hutukana pasi. Huyu aliegemeza mkono pale mpaka kona ya pasi ikajichora. Na ulikuwa mkono wa kushoto, ambao hakuwa na lalamiko nao hata moja, ambao hakuna aliyeuandika kwenye rufaa wala aliyeupima kule, nami nilikuwa nafunga faili bila kuugusa.

Nilichofanya baada ya hapo hakikuhitaji umeme. Nilichukua pamba, pini na vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto na kingine cha baridi. Pamba aliisikia karibu kote mkono wa kushoto. Pini ubavuni mwa kiganja haikuwa na ncha. Kila nikimchoma anasema "umenigusa". Moto na baridi vilikuwa kitu kimoja. Nikazungusha kidole nyuma ya kiwiko cha kulia, juu kidogo ya mfupa, nikaikuta neva. Kwa kawaida unaitafuta, inateleza chini ya kidole kama uzi mnene. Hii ilijileta yenyewe, nene kama penseli, ngumu, na alipoguswa akakunja uso. Nikamwambia ageuze shingo kushoto. Upande wa kulia wa shingo, chini ya sikio, kamba moja ilisimama chini ya ngozi ikielekea juu. Neva hiyo inaitwa aurikulari kubwa, na kwa mtu wa kawaida huioni.

"Vua shati, fundi, nione mgongo."

Mabaka matatu. Mawili kwenye bega la nyuma, moja kubwa kama sahani kiunoni, rangi imefifia kuliko ngozi yake, kingo zimeinuka kidogo. Mkewe aliyajua. Walidhani ni choa, wakapaka dawa ya fangasi ya duka la dawa baridi kwa karibu mwaka mzima. Hayakuwa yanawasha. Nilimuuliza kama yanatoka jasho akasema hajui, mgongo wake hauoni. Nikaita mke aliyekuwa nje kwenye benchi. "Hapana," akasema mara moja, "pale pakavu siku zote, hata akitoka kubeba maji."

Ukoma una dalili kuu tatu: baka lililopoteza hisia, neva iliyonenepa pamoja na ganzi au udhaifu katika eneo lake, na bakteria wanaoonekana katika sampuli ya ngozi. Moja inatosha. Mimi nilikuwa na mbili mikononi, na mashine bado imewashwa, inasubiri nisaini kitu kingine.

Kwa nini mashine haikusema? Kwa kweli ilisema, ila ilijibu swali ililoulizwa. Umeme wetu unaamsha nyuzi nene zenye mayelini, zile za kugusa na za kuvuta msuli. Nyuzi nyembamba za maumivu, moto na baridi hazionekani kwenye kipimo hiki, hata ukiwa na mashine ya bei gani. Na ukoma huanza na hizo nyembamba. Mtu anaweza kuungua vidole vitatu huku kipimo chake cha neva kiko safi. Kwa ugonjwa huu pini ya shilingi kumi inaona mapema kuliko mashine ya mamilioni, na sisi wa chumba chenye kiyoyozi hatupendi kuusikia ukweli huo.

Sasa nikawa na sababu ya kupima upya, na safari hii kwa maswali yangu mwenyewe. Kwanza nikarudi kwenye kile kiwiko. Badala ya kupita sentimita 10 kwa hatua moja, niligusa neva kila baada ya sentimita 2, kuanzia sentimita 4 chini ya mfupa wa kiwiko kupanda juu. Kwa neva nzima, kila hatua inachukua kama milisekunde 0.4. Za kwake zilikwenda hivi: 0.4, 0.4, 0.4, 0.6, kisha 1.3. Nikaendelea juu zaidi: 0.9. Neva iliyobanwa kwa kuegemea meza, au na ule mkanda wa nyama unaoifunika, inaumia nyuma ya mfupa wenyewe au chini yake kidogo. Hii iliumia sentimita 4 hadi 6 juu ya mfupa, mahali ambapo hakuna meza inayofika, ila ndipo neva ya ulnari inapopita karibu na ngozi na kupoa. Bakteria wa ukoma, *Mycobacterium leprae*, wanapenda ubaridi. Ndiyo maana wanashika ngozi, masikio, pua na neva zilizo juujuu, na kuacha kwapa na mapaja ya ndani. Ile hesabu ya hatua moja ya sentimita 10 ilikuwa imezichanganya hatua nzuri na mbaya pamoja, ikatoa mita 32 ambazo zingeweza kuwa za mahali popote.

Mkono wa kushoto: hisia za kidole cha mwisho maikrovolti 4, wakati zinatakiwa kupita 10. Neva ya juu ya gumba, radiali, imefifia kulia, nzuri kushoto. Miguuni, neva ya surali nyuma ya kifundo cha mguu haikuitika kulia kabisa na kushoto iliitika kwa shida. Hakuwa na lalamiko lolote la miguu. Kisukari kinapoharibu neva huanza na vidole vya miguu vyote viwili sawasawa na kupanda kama soksi. Hapa palikuwa na neva moja huku, nyingine kule, upande mmoja zaidi ya mwingine, kama mtu aliyepita shambani akivunja mihindi anayoitaka.

Sindano ya kusikiliza umeme wa msuli nilimchoma katika misuli miwili tu, sikuwa na haja ya zaidi. Ule wa kati ya gumba na kidole cha shahada, uliobonyea, ulitoa mlio wa msuli uliopoteza neva: tik, tik, tik, kama manyunyu kwenye bati. Fundi akageuza kichwa kuisikiliza spika. "Hiyo ni sindano ya cherehani imegonga bamba," akasema. Msuli wa gumba ulikuwa kimya kama unavyotakiwa. Huo wa pili niliuchoma kwa sababu ya shingo. Msuli wa gumba na ule wa kati ya vidole vinatoka kwenye mizizi ile ile ya uti wa mgongo shingoni, ila kila mmoja unapitia neva yake. Shingo ingekuwa na tatizo, vyote viwili vingelia. Zaidi ya hapo, tatizo la shingo haliui hisia za kidole kwenye kipimo hata mgonjwa akisikia ganzi, kwa kuwa kiini cha neva ya hisia kiko nje ya uti, baada ya mahali pa kuumia. Kwa hiyo shingo ilitoka. Ugonjwa wa neva za kuendesha misuli, ule unaotisha kila mtu anayesoma mtandaoni, nao ulitoka: hauondoi hisia.

Damu tulichukua hata hivyo, maana mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 5.1, haina neno, na kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Hakuwa anakunywa pombe, hakuwahi kutumia dawa za kifua kikuu. Sampuli za ndewe hazikuonyesha bakteria. Ile ya baka la kiunoni ilionyesha wachache.

Kazi ngumu ilibaki ya kumwambia.

Nilikuwa nimejiandaa kuanza mbali, kwa bakteria na neva, nifike kwenye jina mwishoni. Yeye akanikatisha. "Ni ukoma?" Nikasema ndiyo. Mkewe akashusha mtandio usoni. Fundi akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Si uliisha huo?"

Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 Tanzania ilifikia kile kinachoitwa utokomezaji, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Utokomezaji wa namna hiyo ni kiwango cha hesabu. Watu wakasikia umeisha. Waganga nao wakasikia hivyo, na kizazi changu cha madaktari kilimaliza chuo kikiwa kimeona ukoma kwenye picha za vitabu. Mimi nimeupima kwa mashine kabla ya kuutambua kwa mikono, mpangilio ambao ni wa kinyume.

Akauliza kama vidole vitakatika. Nikamwambia vidole havikatiki vyenyewe. Kinachotokea ni lile kovu la pasi: unaungua hujui, kidonda kinaoza hujui, unaendelea kufanya kazi nacho, usaha unafika kwenye mfupa, mfupa unaliwa kidogo kidogo. Akauliza kama atapelekwa Nunge. Watu wa Dar wa umri wake wanayakumbuka yale makazi ya Kigamboni kama mahali wagonjwa wa ukoma walikokwenda kuishi. Nikamwambia atakwenda kibandani kwake, kesho asubuhi, na wateja wake hawana la kuogopa: mtu akianza dawa, ndani ya siku chache haambukizi tena. Na sehemu kubwa ya watu wana kinga ya asili. Wengi wetu tumeshakutana na bakteria hawa bila kujua.

Dawa ni tatu kwa pamoja, rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 12 kwa sababu neva zake zimeshaguswa. Mpango huu wa dawa mchanganyiko ulipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na tangu 1995 dawa zinatolewa bure duniani kote. Nilimuonya mapema kuhusu mkojo mwekundu na ngozi itakayokuwa nyeusi zaidi, maana watu huacha dawa kwa hofu ya hilo. Lakini dawa za bakteria peke yake zisingeuokoa mkono. Kinachoiua neva kwa kasi ni mwili wenyewe kuwashambulia bakteria ndani yake, neva ikivimba ndani ya ala isiyotanuka. Ile neva iliyouma nilipoigusa ilikuwa moto wakati huo huo. Alianza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, siku hiyo, miligramu 40, apunguze taratibu kwa wiki 20, tukiwa tumempa dawa ya minyoo kwanza na ratiba ya kupima sukari. Uharibifu ambao haujafika miezi sita una nafasi ya kupona. Wake ulikuwa na minne.

Upasuaji ule ungekuwaje? Nimejadiliana na daktari wa upasuaji, ambaye ni mtu mwema na hakuupenda mjadala. Kuilegeza neva iliyovimba kwa ukoma si dhambi, wakati mwingine hufanywa. Ila ingefunguliwa nyuma ya kiwiko ilhali uvimbe uko juu zaidi ya hapo, bila prednisoloni, bila dawa, na mgonjwa angeambiwa mkono umeshatibiwa, apumzike. Angepumzika huku mkono wa kushoto ukifuata, kisha miguu.

Waliompima kule sina haja ya kuwasimanga. Waliombwa neva moja wakapima moja na jirani yake. Rufaa ya mstari mmoja inazaa ripoti ya mstari mmoja. Tangu siku ile fomu yetu ina kisanduku kinachouliza joto la mkono, kingine kinachouliza kama kiwiko kilikunjwa, na cha tatu, kilicholeta kelele kwenye kikao, kinachomtaka mpimaji aandike aliikutaje neva kwa kidole kabla ya kuwasha mashine: laini, nene, au inauma. Mwenzangu mmoja anasema tunawageuza wapimaji kuwa waganga wa kienyeji. Kisanduku kipo hata hivyo.

Familia ilichunguzwa ngozi, watu sita. Watano hawakuwa na kitu, wakapewa dozi moja ya rifampisini ya kinga, njia ambayo Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoijaribu kabla haijapendekezwa rasmi mwaka 2018. Wa sita, binti wa miaka 11, alikuwa na baka moja pajani, lenye ukubwa wa kizibo cha soda, lisilosikia pamba. Yeye anatumia dawa kwa miezi sita. Neva zake hatukuzipima kwa umeme. Zilishikwa tu, zote laini.

Baba yake alirudi kwangu baada ya miezi sita. Nikaupasha mkono, nikaukunja, nikapima hatua zile zile. Ile ya 1.3 ilikuwa 0.8. Kasi kupita kiwiko ilipanda kutoka mita 32 hadi 41. Kidole cha mwisho kulia, kilichokuwa kinasukuma kwa nguvu ya alama 3 kati ya 5, kilifika 4, na kinaingia mfukoni na wenzake. Ganzi bado ipo. Kushoto kovu limekuwa jeupe na pini bado haina ncha. Akataka kujua namba zinawezaje kupanda na kidole kisisikie. Nikamwambia mayelini hujengwa upya kwa miezi, nyuzi zilizokufa huota upya kama milimita moja kwa siku zikipata njia, na zile nyembamba mara nyingi haziipati. Akapiga hesabu ya kutoka juu ya kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa shubiri, midomo ikimtikisika.

"Mwaka na zaidi," akasema.

"Zikiota."

Pasi sasa anashika mkewe. Yeye anakata na kushona, amevaa kastabini vidole viwili badala ya kimoja, na kila usiku wanakaa na taa wakikagua mikono na nyayo, yeye na binti. Alipokuwa anaondoka niliona kifungo cha mkono wa kushoto kimefungwa. Nikamuuliza nani kakifunga.

"Hicho mama watoto," akasema. Akainua kidevu kunionyesha kile cha kola. "Hiki mimi."